Upole wa Bakari

Wadogo zangu, nyinyi mnaoanza kazi hii ya mishipa ya fahamu mkiwa na simu zinazojua kila kitu, nianze kwa kuwaonya: mgonjwa mpole ni wa kuogopwa. Mkorofi atakupigia meza, atakwambia dawa yako haifai kitu, utakasirika na utamsikiliza. Mpole atakushukuru, atatoka na ugonjwa wake mzimamzima, na wewe utabaki umeridhika. Mimi nimeridhika hivyo mara nyingi. Kila nikikumbuka najiona mjinga.

Nilikuwa Dubai miaka ile ya baada ya elfu mbili na kumi, katika kliniki moja ambayo jina lake silitaji. Si kwa woga. Wengi waliokuwamo walikuwa watu wema, na sitaki wote wachafuke kwa ajili ya mmoja. Wagonjwa wangu walikuwa wa kila aina, wenye nyumba na wanaofagia nyumba, na nusu ya muda wangu niliutumia kwa maradhi ya Parkinson: kuyatibu, kuyaandika, na kuyagombania.

Mimi ni mwanamke wa Mombasa, wa Kibokoni. Nimelelewa kwamba mwenye adabu hatembei kwa kishindo, hasemi mpaka aulizwe, na hacheki meno yote thelathini na mawili nje. Nawaambia haya kwa sababu ndiyo yaliyoniponza.

Mwalimu wangu wa Nairobi, mzee mfupi mwenye hasira za karibu, alikuwa akitufukuza kando ya kitanda. "Mnatafuta nini hapo?" alikuwa akisema. "Parkinson hugunduliwa mlangoni." Alitaka tumtazame mgonjwa anavyoingia: mkono gani hauyumbi anapotembea, hatua zimekuwa fupi kiasi gani, uso umekufa au uko hai, sauti imeshuka au iko palepale. Alitufundisha pia tusiukimbilie mkono unaotetemeka mtu anapochukua kitu. Wa Parkinson hutetemeka ukiwa umepumzika, na ukiuita kazini hutulia, kama mtoto mtundu anayemwona mwalimu. Yote hayo niliyajua. Nilikuwa nikiwafundisha wengine. Kisha Bakari akaingia kwa mlango wangu na sikuona kitu.

Bakari alikuwa mtu wa Malindi, umri wake hamsini na kidogo. Kazi yake ilikuwa kumimina kahawa katika nyumba moja kubwa kule Al Warqa, kazi aliyoifanya miaka ishirini. Msiidharau. Katika nyumba za namna ile kahawa ina sheria zake. Mmiminaji hushika dele, birika la kahawa, kwa mkono wa kushoto, finjani zimepachikana mkono wa kulia, na akimfikia mgeni huzigonganisha kidogo ili mgeni ajue. Humimina mafunda mawili matatu, si zaidi, kisha husimama. Husimama hata saa nzima, hatikisiki, hatabasamu ovyo, hasemi ila kwa sauti ya chini, na akitembea huenda kwa hatua ndogo ndogo asije akamwagia mtu.

Mmeshaona? Basi nyinyi ni hodari kuliko mimi.

Alikuja analalamika bega la kulia. Nikamwambia anyooshe mikono mbele, ikatulia tuli. Nikamwambia aguse pua yake, akaigusa. Nikamuuliza kazi yake, akaniambia, nikajisemea moyoni kwamba bega limechoka kubeba. Nikamwandikia dawa ya maumivu na mazoezi. Hata dele alilishika kwa mkono wa kushoto, na bega lililouma lilikuwa la kulia. Sikuliona hilo pia. Nilikumbuka tu alivyoniamkia kwa heshima, na nikafurahi kukutana na mtu aliyelelewa kwetu.

Miezi ikapita, akarudi na bega lilelile. Siku hiyo nilikuwa na muuguzi wangu, Wanjiru, binti wa Nyeri mwenye mdomo usiokaa. Nilimpenda kwa kazi yake na nilimvumilia kwa mengine. Bakari alipoenda nyuma ya pazia kuvaa shati, Wanjiru akanisogelea.

"Daktari, pole kuingilia. Huyo msee hapepesi macho."

"Ni mtu wa adabu, Wanjiru."

"Adabu gani? Nimemchapia stori ya bosi wangu wa zamani na mbuzi. Hiyo kila mtu hucheka. Yeye ameniangalia tu. Kwetu mtu akikaa hivyo tunauliza nani amekufa."

"Watu wa pwani hawacheki ovyo."

"Lakini amecheka, Daktari. Macho yalikuwa yanacheka. Ni uso umekataa."

Niliona aibu. Nikamwita Bakari arudi akae kitini, mikono juu ya mapaja, ahesabu kutoka mia kurudi nyuma kwa saba saba. Hesabu ni muhimu, wadogo zangu. Humshughulisha mtu asahau kujizuia. Hakufika themanini. Dole gumba la kulia likaanza kusugua kidole cha shahada, taratibu, lenyewe. Naye, bila kukatiza hesabu, akauweka mkono wa kushoto juu yake kwa upole, kama mtu anayefunika chakula.

"Ondoa huo wa kushoto," nikamwambia.

"Huu huufunika siku zote, Daktari. Si jambo zuri kuonekana."

"Kahawa yako unaisikia harufu?"

"Nimeacha kuisikia zamani. Iliki naitia kwa kukisia. Bibi mwenye nyumba husema nazidisha."

Mmiminaji kahawa aliyepoteza pua, na hakuna daktari aliyemuuliza, nikiwamo mimi. Nilimpinda mkono nikaukuta unakwama-kwama kwenye kiwiko; hata bega liliuma kwa ukakamavu huohuo. Nilimwambia aandike jina lake mara sita. La sita lilikuwa dogo kama sisimizi. Ugonjwa ulikuwa umekamilika, umejificha nyuma ya kazi. Kutotabasamu kulikuwa sifa. Sauti ya chini, sifa. Hatua ndogo, sifa. Hata finjani zake zilizogongana zenyewe watu walidhani ni ufundi. Kadiri ugonjwa ulivyozidi ndivyo alivyozidi kusifiwa.

Kosa langu la pili lilikuwa la kijinga zaidi. Nilimpa levodopa nikamwambia, kama tunavyoambia kila mtu, "Kunywa pamoja na chakula usije ukasumbuka tumbo." Akatii. Akainywa mchana na sahani ya wali na nyama, jioni na samaki. Nyama na dawa hiyo hugombania mlango mmoja wa kuingilia, na nyama ina misuli kuliko dawa. Mwezi mzima hakupata nafuu, na mimi nikaanza kujishuku. Tulipohamisha dawa nusu saa kabla ya kula, alirudi akipepesa macho. Wanjiru akamrudia stori ya mbuzi. Akacheka mpaka akakohoa.

Tulimpa daftari, na hili nataka mlishike hata mkisahau mengine yote. Kila mgonjwa wa Parkinson apewe daftari, aandike saa aliyokunywa dawa, saa iliyomshika, saa iliyomwachia. Vipimo vyenu vya bei kubwa havitawaambia hayo. Bakari aliandika kwa nidhamu ya mtu aliyezoea kutumwa. Ikaonekana kwamba akinywa saa tatu asubuhi, saa nne mkono ni mzima; akinywa saa tisa, saa kumi jioni ni mzima tena. Katikati, hasa saa saba na saa nane mchana, anaganda.

Kuhusu kuganda nina kisa cha mzee mmoja wa Al Twar. Nyumbani miguu yake ilinasa sakafuni kama imegandishwa kwa gundi, msikitini akatembea kama kijana. Wanawe wakasema ni baraka za mahali, na sikuwabishia. Lakini nilikuwa nimesikia juu ya zulia la msikiti ule: lina mistari ya safu, na mguu uliokwama hupata pa kuvukia ukiuona mstari. Wanjiru akaenda na utepe mweusi wa mafundi umeme, akabandika mistari kwenye ukumbi wa nyumba yao, hatua moja moja. Mzee akaenda mpaka jikoni peke yake na kuanza kuzikosoa sufuria za mkewe. Mkewe alinipigia kuniuliza kama utepe hubanduka.

Baada ya Bakari nilitaka kufanya utafiti. Nilitaka kujua ni wangapi wengine wanaofichwa na kazi zinazodai utulivu: walinzi, wahudumu, wamiminaji. Nikaambiwa hao ni watu wa kuja na kuondoka, data yao haishikiki. Kamati ya utafiti ikanirudishia karatasi mara mbili. Ya tatu wakachoka, wakaruhusu. Tukaenda mimi na Wanjiru siku zetu za mapumziko mpaka makazi ya walinzi kule Jebel Ali, na saa ya kuhesabia sekunde na madaftari, tukiwaomba wanaume wazima wagonganishe vidole na kutembea mpaka ukutani na kurudi. Walitucheka sana. Tulipata wachache mno, kwa kuwa wengi walikuwa vijana, na jarida nililolipelekea matokeo liliniandikia kwamba swali langu ni dogo. Labda majibu yalikuwa madogo. Swali halikuwa dogo, na mpaka leo sijakubali.

Sasa turudi kwa Bakari, maana mambo yalikuwa yanamchachia.

Mwenye nyumba ile alikuwa Bi Zuwena, mjane wa makamo ya mwisho, aliyezaliwa Unguja, familia yake ikahamia Ghuba akiwa msichana. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Kabla ya ugonjwa kujulikana, siku moja saa nane mchana, Bakari alikuwa amemwaga kahawa mbele ya wageni, na siku nyingine amejikwaa zuliani. Nyumbani wakaanza kunong'ona kwamba analewa. Mnajua nchi ile neno hilo lina uzito gani. Anayeshughulikia viza za nyumba akampigia meneja wa kliniki: daktari asaini fomu kwamba Bakari hafai kazi kiafya, viza ifutwe, arudishwe kwao kimyakimya.

Meneja akaniletea fomu. "Ni sahihi moja tu, Daktari."

"Basi weka yako."

"Mimi si daktari."

"Mimi ni daktari, na nimempima. Anafaa kazi. Kuna saa hafai, na hata wewe kuna saa hufai."

Hakuipenda. Wala sikuisema ili aipende. Hiyo familia ilileta wagonjwa wengi pale, akanikumbusha, nami nikamkumbusha kwamba sikusomea udaktari kusaidia watu kufukuza watu.

Lakini aliyenifunga mikono hakuwa meneja. Alikuwa Bakari mwenyewe. Alinikataza nisimwambie mtu jina la ugonjwa wake. "Wakisikia nalewa, nitarudishwa kwa aibu," aliniambia. "Wakisikia naumwa, nitarudishwa kwa heshima. Kurudishwa ni kulekule. Mimi nataka kazi yangu, Daktari. Sijui nyingine." Neno moja langu lingemwondolea doa la ulevi, na neno hilo halikuwa mali yangu.

Bi Zuwena akapiga simu mwenyewe.

"Mwanangu, mie nakuuliza jambo moja. Huyu Bakari anaumwa au analewa?"

"Bibi, siri ya mgonjwa siwezi kuitoa."

"Mie ndiye kafili wake, mdhamini wake hapa nchini."

"Wewe ni kafili wa viza yake, Bibi. Maradhi ya mtu ni yake."

Nilisikia shanga za tasbihi yake. "Una ulimi," akasema.

"Ninao, Bibi."

"Basi Ijumaa njoo nao kwangu."

Nilimuuliza Bakari kama niende. Akasema niende ila nisiseme kitu. Wiki hiyo Wanjiru alikuwa akimfanyisha mazoezi ya sauti kwenye ukumbi wa kliniki. Sauti ya mgonjwa wa Parkinson hushuka bila yeye kujua, na tiba yake ni kupaza mpaka ajione anapiga kelele. Kwa wengine ndiyo kwanza inasikika. Wanjiru alimwambia ahesabu kama anamwita mtu ng'ambo ya barabara. Bakari aliona haya mpaka akatoka jasho. "Miaka ishirini nimeajiriwa nisisikike," aliniambia. Hakufika mbali na zoezi lile, nikaona ni kazi bure.

Ijumaa nikafika Al Warqa saa nane mchana. Bi Zuwena aliichagua saa hiyo; hakuijua maana yake, mimi niliijua. Tulikuwa wawili sebuleni. Bakari akaingia na dele, hatua ndogo ndogo, finjani zikigongana tangu mlangoni. Akanimiminia. Nusu ikaingia kwenye finjani, nusu kwenye buibui langu.

"Umeona," Bi Zuwena akasema. "Sasa nakuuliza mbele yake. Analewa au halewi?"

"Bibi, mwenyewe huyu hapa. Muulize yeye."

Akamgeukia. Bakari akainamisha kichwa, akasema kitu.

"Nini? Sisikii."

Akarudia. Hata mimi niliyekuwa karibu sikusikia.

"Kila siku huyu anazidi kunong'ona. Mwambie mtu anong'one namna hiyo halafu usimshuku." Kisha akanitazama mimi, akisubiri. Wallahi nilikuwa nimefungua mdomo. Nilikuwa tayari kuvunja kiapo changu kwa ajili ya mtu mwema, na ningejiona nimetenda haki.

Bakari akaliweka dele chini, juu ya zulia. Kwa mmiminaji hilo ni kama askari kutupa bunduki. Akanyooka, akavuta pumzi mpaka tumboni kama alivyofundishwa.

"Silewi, Bibi. Nina Parkinson."

Nadhani hata getini walisikia. Bi Zuwena akaacha tasbihi.

"Tangu lini?"

"Tangu iliki ilipoanza kuzidi. Pua ilitangulia, mkono ukafuata." Sauti ilikuwa ileile, ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara. Nilimwona mwenyewe anaishangaa. "Sikusema kwa kuogopa kurudishwa."

"Miaka mitatu nawaambia wageni hakuna mtu mtulivu kama Bakari wangu," Bi Zuwena akasema. "Kumbe nasifu maradhi."

"Nusu maradhi, Bibi. Nusu kazi."

"Khalas. Basi utakwenda kwenu ukapumzike. Nitakuaga vizuri, usiwe na hofu."

"Siendi."

Neno hilo, wadogo zangu, halikuwahi kusemwa katika sebule ile, angalau si na mtumishi aliyesimama. Mimi nilishika finjani yangu nikaiangalia.

"Saa nne asubuhi mkono wangu mzima," Bakari akasema. "Saa kumi jioni mzima. Saa hizo nitamimina, na hakuna tone litakalomwagika. Daftari ninalo, Daktari ameliona. Saa nyingine dele litakuwa mezani, na kila mtu ajimiminie."

"Wageni wangu mimi wajimiminie," Bi Zuwena akasema, polepole. Akanigeukia. "Ni wewe uliyemfundisha kupiga kelele?"

"Ni muuguzi wangu, Bibi. Mimi nilisimamia."

"Na akizidiwa?"

"Saa zitabadilika," nikasema, maana sasa siri ilikuwa imefunguliwa na mwenyewe. "Ugonjwa huu haurudi nyuma, sitakudanganya. Lakini leo anafaa. Nitakwambia mwenyewe siku atakapokuwa hafai, akiniruhusu yeye."

Bi Zuwena alimwita mshughulikia viza kwa simu, akasema naye Kiarabu kwa maneno machache, na ile fomu hatukuisikia tena.

Lakini kliniki haikusahau. Mkataba wangu ulipokwisha haukuongezwa. Waliandika kwamba idara inapangwa upya. Nimestaafu hivyo, na watu wawili waliokuwa rafiki zangu husema nilijichongea mwenyewe. Ni kweli. Ningeletewa fomu ile leo ningeikataa leo. Nyinyi mtaletewa za kwenu, zimepigwa chapa vizuri, zinataka sahihi moja tu. Someni kwanza nani anayetaka kutulizwa kwa sahihi hiyo. Mara nyingi si mgonjwa.

Kabla sijaondoka Dubai nilikwenda Al Warqa kuaga. Ilikuwa saa nane na nusu. Sebuleni alikuwamo mgeni mmoja, mtu mzito, nje amesimamisha magari mawili na madereva wake. Alikuwa akitazama mlango wa jikoni kwa namna ya mtu ambaye hajazoea kukaa bila kahawa. Dele lilikuwa mezani, na finjani kando yake.

"Bakari humimina saa kumi," Bi Zuwena akamwambia. "Ukitaka sasa, jimiminie."

Mgeni akalitazama dele. Akatazama saa yake. Kisha akaegemea mto, akangoja.